Mjomba, Sanduku Limepata Moto

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika salamu hii nikijua kuwa safari hii hakuna wa kuitika, lakini wewe ndiye uliyenikataza kuanza maneno na mtu kabla ya kumwamkia, hata kama tumekosana. Siwezi kuivunja amri hiyo kwa sababu tu umelala kaburini.

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye mazungumzo ya biashara na kilimo, katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe. Unajua kwa nini wananialika: wanataka mtu wa kuchokoza, wengine wasisinzie. Nilikaa kimya kuliko kawaida yangu, mpaka aliposimama bwana mmoja, mtaalamu wa masoko, mwenye suti safi na maneno laini. Akasema hii inayoitwa biashara ya haki si biashara, ni huruma ya Wazungu iliyofungwa ndani ya karatasi ya chokoleti. Mkulima mwenye mikakao michache nyuma ya nyumba, akasema, hana nguvu sokoni wala hatakuwa nayo, na ushirika ni namna ya maskini kushikana mikono huku wanazama. Watu wakacheka. Alilisema vizuri, sikatai.

Nikasimama. Nilisema mengi, na sauti ilipanda, kama ilivyo desturi yangu. Niliporudi kitini nikaona kuwa nusu ya niliyoyasema yalikuwa yako. Umeondoka bila kuyadai, na mimi sitaki kusifiwa kwa maneno ya mtu mwingine. Basi nayarudisha kwa mwenyewe, mbele ya watu, kwa barua hii.

Unakumbuka mikakao ilivyokuwa utotoni mwangu? Miti ya kivulini tu. Ilisimama chini ya minazi na mifenesi kule shamba, njia ya Dole, katika eka tatu alizokuachia babu, na hakuna aliyeijali. Mama alikuwa akinileta kwako kila likizo. Sisi watoto tulipiga matunda yake jiweni yakapasuka, tukanyonya ule utando mweupe wenye utamu kama wa stafeli, kisha tukatema kokwa na kushindana nani atairusha mbali. Tulikuwa tunatema mali, na hakuna mkubwa aliyetukataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Baadaye wakaja watembeza wageni na watalii wao wa kunusa viungo, mikakao yako ikapata kazi ya kupigwa picha. Tunda linapasuliwa, mgeni anashangaa, anaonja, anakwenda zake. Ulinung'unika kuwa mti wako umekuwa kama kima wa kuchezeshwa.

Kununua alikuwa ananunua mtu mmoja tu, yule tuliyemwita Bwana Pikapu kwa sababu ya gari lake. Akija karibu na Sikukuu, au shule zinapofunguliwa, wakati ambao kila nyumba ina shida. Anachukua kokwa moja, anaivunja kwa meno, anatema, anatikisa kichwa. Iwe imekauka au haijakauka, kichwa kilitikisika vilevile. Ukianza kubisha bei anakwambia, "Jirani yako kashakubali. Umebaki wewe tu na ubishi wako." Nawe ukakubali, usionekane mjinga peke yako. Kumbe kwa jirani alisema kuwa wewe ndiye uliyekubali. Mlikwenda hivyo miaka, kila mmoja akiuza kwa sababu ya mwenzake ambaye hakuwa ameuza.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule bwana kwanza. Anasema mkulima mdogo hana nguvu sokoni kana kwamba ni maumbile, kama kuzaliwa mfupi. Unyonge ule ulitengenezwa. Ulikuwa na ratiba yake, na gari lake, na uongo wake mmoja uliorudiwa kila mlango.

Aliyeuvunja si wewe, Mjomba, na wewe mwenyewe hukuacha kulisema hilo. Alikuwa Bi Mize, jirani yako mjane, ambaye shamba lake limepakana na lako. Alikwenda bara kumtazama binti yake aliyeolewa Kyela, akarudi na habari. Kule, alisema, wakulima hawauzi mmoja mmoja. Wanakusanya kokwa mbichi, wanazivundika pamoja katika sanduku zichachuke na kupata ladha, wanazikausha pamoja, wanauza pamoja. Na wako wanunuzi wanaokubaliana nao kabla ya mavuno, kwa bei yenye sakafu, yaani soko la dunia likianguka, bei ya mkulima haianguki nalo. Juu yake linatolewa fungu la jamii, na wakulima wenyewe wanapiga kura litumike vipi.

Nilikuwepo barazani kwako siku hiyo. Ulimsikiliza ukichonga mguu wa kitanda, maana ulikuwa seremala kabla ya kuwa chochote kingine, na wateja wako wa Darajani walikufuata mpaka shamba. Ulipomaliza kuchonga ukauliza, kwa ile dharau yako ya pole, "Na huyo mnunuzi, Bi Mize, yeye anapata nini? Thawabu?"

"Anapata kakao nzuri, Haji," akakujibu. "Wewe unapata nini kwa kakao yako mbovu?"

Nilicheka mpaka ukanitazama vibaya. Lakini siku ya pili yake nilikukuta unapima mbao za mfenesi.

Lile sanduku ni kazi nzuri kuliko zote ulizopata kuzifanya, na nasema hivi huku nimelalia kitanda chako miaka yote hii. Hukutia msumari hata mmoja, kwa sababu Bi Mize alisema chuma kinaiharibu kakao. Ulilifunga kwa vigingi vya mti, ukatoboa matundu chini maji yatoke, ukalipiga randa ndani mpaka likawa laini kama sinia. Mkakutana kwenye banda la chuo cha Kurani, wanaume kwa wanawake, mkachagua viongozi. Bi Mize akawa katibu, wewe mtunza sanduku. Bwana Pikapu naye alikuja, hakualikwa, akaegemea mlangoni. Akasema hana haraka, mtamtafuta wenyewe.

Hapo ulimi wako ukatangulia akili, maradhi ambayo nimeyarithi. Ulisimama ukasema, "Nikishindwa na sanduku hili, naikata mikakao yangu yote, na shamba namuuzia anayetaka kujenga nyumba za wageni." Watu walijua mtu huyo yupo, keshakuja mara kadhaa na sahani za halua. Walijua pia kuwa shamba lako liko katikati. Ukikata wewe, walio kandokando nao wangekata. Ukarudi nyumbani, ukanoa shoka, ukalisimamisha pembeni ya sanduku ili kila anayekuja alione.

Sanduku la kwanza likajazwa. Kila mtu na ndoo yake, wa mashamba ya mbali na wa jirani, na wewe ukazichanganya kwa mikono yako. Ukafunika kwa majani ya mgomba, juu yake magunia. Siku ya pili harufu ikaanza. Sote tuliijua harufu ile na hakuna aliyetaka kuitaja. Akaja Maalim Vuai, mwalimu wa chuo, naye ni mwanachama mwenye mikakao yake. Alikuwa anatoka kusali alasiri. Akasimama mbele ya sanduku, akavuta pumzi, akaitoa.

"Haji, humu mna tembo."

"Maalim, humu mna kakao."

"Basi kakao imelewa."

Walicheka wachache, tena kwa chini. Mtu kama yule bwana wa suti asingeelewa hofu iliyoingia pale. Watu wale wanasali mara tano na nguo zao ni zile zile za shamba. Mikono yao ilikuwa ndani ya sanduku lile. Kama mna tembo, yaani pombe, mna najisi, na kama mna najisi iko kwenye ndoo, kwenye kanga za kina mama, kwenye kizingiti cha chuo. Wewe ulikuwa umekwenda mjini kuchukua magunia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walilifungua sanduku, wakazitoa kokwa, wakazikosha. Wakazikosha tena na tena, kwa maji safi, kwa uangalifu wa mtu anayekosha nguo yake ya kusalia, wakazianika juu ya mikeka. Uliporudi ulizikuta zimelala juani, nyeupe, zinang'aa, hazina hata chembe ya harufu. Wakafurahi kukuonyesha.

Aliyekuja kuziangalia alikuwa Rahma, mnunuzi wenu, yule binti wa mjini anayetengeneza chokoleti kwenye nyumba ya uchochoroni nyuma ya Shangani, na kupeleka nyingine nje, kwenye maduka yanayofuata masharti ya biashara ya haki. Akakata kokwa moja kwa kisu. Ndani ilikuwa ya zambarau, ngumu. Akaionja, akakata nyingine, na nyingine. Nakumbuka alivyotafuta maneno ya kuwaambia watu wazima.

"Wazee wangu, mumezikosha mno. Ni safi kama mchele, lakini zimekufa."

Ulimpa Rahma maji ya dafu, ukamsindikiza mpaka njiani kwa adabu zako zote, ukarudi, ukalichukua shoka. Nilikufuata. Bi Mize alikufuata, anakusemesha na wewe unakwenda tu. Ulifika kwenye mkakao wa mwanzo, ule wenye matunda mekundu uliokuwa ukiupenda, ukaweka mguu sawa. Najua hukuwa unatishia. Ulikuwa umesema neno mbele za watu, na kwako neno lilikuwa zito kuliko mti.

Akaja Maalim Vuai mbio, kanzu kaishika mkononi. Hakukushika mkono. Alisimama baina yako na mti akahema kwanza, kwa sababu si kijana. Kisha akasema maneno ambayo mimi, niliyesoma vitabu vya kila aina ya wanamapinduzi na wachumi, sijapata kuyaona yamepangwa vizuri zaidi:

"Ulisema ukishindwa wewe. Hujashindwa wewe, Haji. Tumeshindwa sisi tuliokosha. Neno lako halijafika."

Ulimtazama. Ukamwambia kwamba hayo ni ujanja wa mwanachuoni. Akakubali kuwa ni ujanja, na akaomba sanduku jingine. Safari hii, akasema, yeye mwenyewe atakuja kulinusa kila siku, na mpaka aseme yeye hakuna mtu atakayelifungua kwa kuogopa.

Shoka likashuka. Kwangu mimi ushirika wenu ulizaliwa hapo, kwa sababu kosa lilipata wenyewe wengi na halikubaki shingoni mwa mtu mmoja. Lile banda, na kura, na karatasi, vilikuwa matayarisho tu.

Sanduku la pili Maalim aliliuguza kama mgonjwa. Alikuja na kiti chake. Siku ya tembo ilipofika, watu walikusanyika kwa mbali wakimtazama uso. Akanusa, akasema ni kweli ni harufu ile, lakini maji yanatoka chini yanakwenda mchangani, na hakuna mtu anayeyanywa wala kuyauza. Tungoje. Mkazigeuza kokwa kwa pauro, yale makoleo ya mbao, mkafunika tena. Halafu harufu ikabadilika, ikawa kali ya kupanda puani, ile ya jikoni mtu anapotia achari. Maalim akafumba macho, akatabasamu.

"Siki," akasema. "Imegeuka yenyewe, hatukuitia kitu. Siki haina ugomvi. Hayo ni yangu mimi, mwenye shaka akawaulize walionizidi elimu."

Hakwenda mtu kuuliza. Na wewe ukaniita. "Njoo, mwandishi. Tia mkono." Nikautia mpaka kwenye kiwiko, nikautoa upesi, ilikuwa moto kama uji. Hakuna moto uliowashwa, wala umeme, ni kokwa za watu wengi zilizolaliana. Ukaniambia kuwa Makame wa bondeni alikuwa amejificha na ndoo yake moja nyumbani, kaivundika peke yake ili auze kwa siri. Haikupata moto. Iliota ukungu tu.

Hili ndilo nililomwambia yule bwana. Nilimuuliza kama amepata kuvundika kakao ndoo moja. Nikamwambia kuwa mkulima mdogo wa kakao haendi kwenye ushirika kutafuta huruma, ila kwa sababu kakao yenyewe haikubali upweke. Kidogo chake peke yake hakipati joto, na kisichopata joto hakina ladha, na kisicho na ladha ananunua Bwana Pikapu. Kitu kilekile, kikilala na cha jirani, kinakuwa mali ambayo watu wa mbali wanaitafuta. Na wale wanaoilipia bei ya haki hawatoi sadaka. Wanalipa kile ambacho kingekuwa bei tangu mwanzo, kama wanunuzi wasingekuwa wanaingia mlango baada ya mlango kusema uongo.

Sikumwambia kuwa ushirika ni pepo. Nilimkubalia kuwa karatasi ni nyingi, kwamba wakaguzi wanauliza maswali mpaka unachoka, wanahesabu hata watoto wako shambani, kwamba sisi tukilinganishwa na nchi kubwa za kakao ni kama chumvi ndani ya bahari. Ziko safari Rahma alichelewa kulipa na watu wakanung'unika. Yote kweli. Lakini nilimweleza Bwana Pikapu aliporudi ilikuwaje. Alikuja kwako kwanza, akakupa bei, nawe unapiga randa hukuinua kichwa, ukamwambia, "Nenda kwa katibu." Akaenda kwa Makame, yule yule wa ndoo ya siri, akaambiwa nenda kwa katibu. Akaenda kwa Maalim. Nenda kwa katibu. Alipofika kwa Bi Mize alikuwa keshachoka, akaomba maji. Bi Mize akampa maji.

Nikaeleza na ile kura. Fungu la kwanza la jamii lilipoingia, wewe ulitaka masanduku mapya. Kina mama wakataka vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa, vyenye paa la kusukuma mvua ikija, kwa sababu wao ndio walioinama kwenye mikeka kutwa. Ulihutubia ukasahau kupumua. Kura zikapigwa, ukashindwa vibaya sana. Dada zangu walikutania, "Mjomba, shoka liko wapi?" Nawe ulikwenda ukavijenga vile vichanja mwenyewe, ukaviweka usawa wa viuno vya kina mama, ukapita na kumpima kila mmoja kwa jicho. Ni wapi katika maisha ya yule bwana mtu mwenye mali ameshindwa kura na wanawake wa jirani, kisha akaitekeleza kwa mikono yake? Nilimuuliza hivyo. Labda sauti ilikuwa juu mno.

Mwisho nilitoa mfukoni kipande cha chokoleti ya Rahma, nikamkatia. Si mtu mbaya, Mjomba. Alikula taratibu, akafumba macho. Akaniuliza, bila kejeli safari hii, "Ya mjomba wako ni ipi humu?" Nikamwambia haijulikani, imechanganywa. Mwenyewe ndiye aliyeichanganya.

Sasa nikwambie ambayo hukuyaona. Ulituacha katika mvua za vuli, sanduku likiwa limefungwa, na siku tuliyokuzika ilikuwa siku ya kuligeuza. Kakao haingoji matanga. Tulitoka makaburini, tukakosha mikono, tukaenda kuligeuza, Maalim akisoma Fatiha na pauro mkononi. Hakuna aliyeona kuwa ni kukukosea heshima. Bi Mize alilia pale, si makaburini.

Arubaini haijaisha, yule mwenye sahani za halua akaja kwa Zuwena, mwanao, anampa pole na kumuuliza habari za shamba. Zuwena alikuwa anapasua matunda kwa kile kirungu ulichokichonga kutoka kwenye mpini wa shoka, ulipoamua kuwa shoka halina kazi tena kwako. Hakuacha kupasua. Akamwambia, "Nenda kwa katibu." Bi Mize naye, nasikia, alimpa maji.

Mkutano umemchagua Zuwena mtunza sanduku. Jana nilipanda kwenda kumpongeza, na barua hii mfukoni, imeandikwa nusu. Nilitaka kuwasomea. Nilianza na salamu, nikafika kwenye ukumbi na yule bwana, nikaanza kupandisha sauti. Zuwena akanikata maneno kwa macho yale yale yako.

"Kaka, tusomee baadaye. Tia mkono kwanza."

Nikautia. Miti yako yote imesimama, Mjomba. Sanduku limepata moto.

Mpwa wako, mwenye ulimi ulioniachia wewe,
Mji Mkongwe